Stashahada ya Muziki: Niliyoyakuta Chuoni Baada ya Miaka 11 ya Kwaya

Nilijiunga na stashahada ya muziki nikiwa na umri wa miaka 29, baada ya kuimba besi na kufundisha kwaya ya parokia kwa miaka 11. Chuo sitakitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema hayapendezi, na wamo walimu pale ninaowaheshimu mno.

Nianze na nadharia, kwa sababu ndiyo iliyonipa thamani ya ada yangu. Sisi wanakwaya tulifika na noti zetu za herufi, yaani d, r, m (do, re, mi) zinazotenganishwa mapigo kwa nukta pacha, mtindo ulioenezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19 na kuletwa kwetu na wamisionari. Wenzetu wachache waliojifunza piano utotoni walitucheka tuliposhindwa kusoma noti zinazoandikwa juu ya mistari mitano. Kicheko hicho hakikufika wiki ya sita. Katika zoezi la sikio mwalimu alikuwa akipiga noti nne mfululizo na kututaka tuziandike, na sisi tuliozoea do inayohama kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine tulikuwa tumeshaweka kalamu chini wakati wale wenzetu bado wanatafuta kwa vidole juu ya dawati, kana kwamba kuna kinanda pale. Mistari mitano tulijifunza kwa muhula mmoja. Sikio wao lilikuwa linawasumbua hata mwaka wa pili.

Kilichonitoa jasho ni kupanga sauti nne. Zoezi langu la kwanza lilirudi na miduara 14 ya kalamu nyekundu, karibu yote kwa kosa moja: tenor na besi yangu zilikuwa zikipanda na kushuka pamoja zikiachana kwa noti tano zile zile. Nilikuwa nimetunga hivyo miaka yote na waumini hawakuwahi kulalamika. Ilibidi nimfuate mwalimu ofisini ndipo anieleze sababu, kwamba sauti mbili zikitembea sambamba namna hiyo hupoteza uhuru wake, na sikio huzisikia kama sauti moja iliyonenepa. Maelezo hayo yalichukua dakika tatu tu, na yangestahili kutolewa darasani kabla ya kalamu nyekundu.

Sasa, siku hiyo hiyo alasiri tulikuwa na somo la muziki wa asili chini ya mwembe, tukifundishwa na mzee wa Kigogo aliyekuja na ilimba yake, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ambayo tundu lake amelifunika kwa utando wa buibui ili sauti itoke na mvumo. Alitupanga, akatuimbisha, na sauti sambamba zinazoachana kwa noti tano, zile zile nilizokatwa maksi asubuhi, pamoja na za noti nne, ndizo zilizokuwa uti wa mgongo wa wimbo. Zaidi ya hayo, kulikuwa na noti moja ambayo kila tulipojaribu kuipata kwa kinanda tuliikosa. Ilikuwa noti ya saba katika mfululizo wa sauti za asili, yaani zile zinazojitokeza zenyewe juu ya noti moja ya msingi, nayo iko chini ya ile ya kinanda kwa takriban theluthi moja ya nusu toni. Mzee alisikiliza kinanda, akatikisa kichwa, akasema, "Hicho kimepanda, mwanangu." Sijawahi kupata somo la sikio lililo bora kuliko hilo. Kasoro ni kwamba madarasa haya mawili hayakuwahi kukutanishwa: mtaala uliliita la asubuhi nadharia na la alasiri vitendo, kana kwamba Wagogo hawana kanuni.

Historia ndiyo iliyoniudhi. Muhula mzima tuliandika imla kuhusu watunzi wa Ulaya, Palestrina, Bach na Haydn, bila kusikilizishwa hata kipande kimoja, kwa kuwa spika ilikuwa mbovu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyerekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928, alipewa saa moja. Muziki wa dansi ulipewa saa moja nyingine, tukaambiwa kwamba NUTA Jazz, bendi iliyokuja kuitwa Msondo Ngoma, ilianzishwa mwaka 1964, na wanafunzi ambao baba zao walicheza Msondo kila wikiendi wakakaa kimya kwa sababu hakuna aliyewauliza kitu.

Kuhusu upigaji ala, anayetaka kusoma piano kwa dhati afanye hesabu kabla ya kulipa. Darasa letu lilikuwa na wanafunzi 31 na vinanda viwili, kimoja cha umeme. Umeme ukikatika, zamu yako imekwenda na hairudishwi. Nilizoea kuamka saa kumi alfajiri ili nipate dakika 40 kabla ya wengine, na bila hivyo nisingefaulu mtihani wa mwisho. Waliochagua ngoma, zeze na sauti hawakupata taabu hii hata kidogo, na walimu wao walikuwa hodari kuliko wetu.

Ningelipa tena ada ile? Kwa nadharia na kwa yule mzee, ndiyo, ila safari hii ningechagua zeze. Nilipita chuoni Machi mwaka huu kuchukua cheti changu, nikakuta kinanda cha umeme kimefunikwa shuka, na juu yake wamepanga viti vya mahafali.