Steshenari iliyochapa jarida letu la chuo, Tabora mjini

Wanachuo wa Tabora mnaohangaika pa kuchapia jarida au hata ripoti ya fildi, kuna steshenari ndogo maeneo ya sokoni, mashine mbili na benchi moja, ukichungulia mlangoni unaweza ukageuza ukaenda zako. Msigeuze.

Chuo chetu ni kidogo, jarida tunaandika watu 10 hivi, makala, mashairi, mahojiano na walimu, na hela tunachangishana bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) likitoka. Nikaenda na kurasa 30. Dada wa pale akahesabu akaniambia mdogo wangu, kitabu cha kukunja kinaenda nne nne, A4 moja ukiikunja inabeba kurasa nne, sasa hapa ama mpunguze mbili ama muongeze mbili. Tulikochapa mwaka jana hakuna aliyetuambia, tukaletewa jarida lina kurasa mbili nyeupe mwishoni wakati mashairi ya first year tuliyaacha kwenye kompyuta tukijua nafasi imeisha, iliniuma sana ile. Safari hii yameingia yote.

Halafu jioni ananipigia simu, eti hili shairi beti zote zina mistari minne ila ya tano ina mitatu, ndivyo lilivyo? Kumbe mstari ulikatika nilipokuwa nahamisha kutoka Word. Sisi wahariri watatu tumelisoma na hatukuona, kaona mtu wa mashine! Pelekeni PDF lakini, Word ikifunguliwa kompyuta nyingine maandishi yanahama.

Mji huu una historia ya uchapaji, Kipalapala pale mtambo wa misheni umetoa vitabu miaka na miaka, ila nakala 60 za wanafunzi ni kazi ya steshenari kama hii. Kurasa 32 ni karatasi 8, mara 60 ni 480, tulipeleka rimu yetu wenyewe ya karatasi 500 na zile 20 zilizobaki nikarudishiwa zimefungwa vizuri.

Kilichoniudhi ni muda, waliahidi Alhamisi tukapata Jumamosi kisa umeme, na kava wino wake unashika vidole, wangetumia karatasi ngumu zaidi hata kwa kuongeza hela kidogo. Pini za katikati zimekaa sawa.

Mimi nitarudi. Nakala moja yule dada aliiomba mwenyewe, ipo pale kaunta, mkienda muombe muione.