Kupima tope la bwawa hapa Tanga: nawapa nyota nne, wafuga samaki someni hii

Wana Tanga mnaofuga perege na kambale, hasa nyie wa Pongwe na njia ya Muheza ambao bwawa lenu linapokea maji ya mfereji wa barabarani, hii inawahusu kabisa. Kikundi chetu tumepima metali nzito kama risasi (ile metali ya kwenye betri za gari) kwenye tope la bwawa letu, kwenye maabara moja binafsi hapa mjini, anayetaka kuelekezwa aje inboksi.

Kwanza mjue kwanini tope na sio maji. Kabla ya hapo tulinunua vile vijiti vya kuchovya vinavyouzwa mtandaoni, rangi ikatoka nzuri tukafurahi, kumbe kijiti kinasoma maji tu, na risasi kwenye maji ya kunywa mwisho wake ni 0.01 mg kwa lita, kiasi kidogo hivyo usitegemee kukisoma kwa macho kwenye karatasi. Halafu metali nzito kama risasi, kadimiamu na zebaki hazipendi kuelea, zinajishika kwenye chembe laini za mfinyanzi na mabaki ya majani zinazama chini, kwahiyo maji yanaweza kupita kipimo vizuri huku chini mzigo unaongezeka kila masika. Na kambale anashinda humohumo kwenye tope jamani. Wala kuchemsha hakusaidii, metali haifi kwa moto.

Sasa huduma yenyewe. Kilichonifanya niwaamini ni kwamba yule dada wa maabara kabla hata ya kutaja bei aliuliza maji yanaingilia wapi na huko juu kuna nini, tukamwambia kuna mafundi wa betri za gari wanamwaga maji ya betri mferejini, akasema basi risasi ndo ya kuanza nayo, msilipie orodha nzima maana bei inakwenda kwa idadi ya metali. Angeweza kutuuzia zote na tungelipa.

Akatupa masharti ya kuchota sampo. Jembe na koleo hapana, chuma chenyewe kinaweza kuchafua sampo, tumia bomba la plastiki unalididimiza kwenye tope unalivuta taratibu, sentimita chache za juu ndo tope la karibuni na kadri unavyoshuka ndo la miaka ya nyuma, usivichanganye. Chota kwenye mdomo wa mfereji, katikati na karibu na ukuta, kila moja kwenye mfuko wake, weka kwenye kontena lenye barafu. Na akataka udongo wa kule kilimani ambako maji ya mfereji hayafiki, mi nikaona usumbufu ila ana haki, udongo wowote una metali zake za asili, bila cha kulinganishia utalia bure au utatulia bure. Maabara wanachekecha wabaki na chembe za chini ya mikromita 63, kwasababu mchanga haushiki metali sana na sampo yenye mchanga mwingi inakudanganya uko salama.

Nyota moja nimeikata kwa ripoti. Ni jedwali tupu, mg kwa kilo ya tope kavu basi, hakuna hata mstari unaosema hii ni nyingi au kidogo, mfugaji wa kawaida ataipeleka wapi? Mpaka tulivyorudi kuuliza ndo tukaelezwa kuna kiwango cha Kanada wanachokitumia, risasi chini ya 35 madhara kwa viumbe wanaoishi kwenye tope ni nadra, ikivuka 91 madhara yanategemewa mara nyingi. Ya kwetu kwenye mdomo wa mfereji ikaangukia hapo katikati, karibu na ukuta ikawa sawasawa na ya kilimani. Kwahiyo uchafu unaingia na mfereji, hiyo peke yake ilitosha kwenda kuongea na wale mafundi, na ndugu zangu tuliwaeleza kwa heshima wakaelewa, maana nao watoto wao wanacheza hapohapo na risasi inaumiza ubongo wa mtoto kuliko wa mtu mzima.

Zebaki hawapimi wenyewe wanatuma Dar, mjiandae kusubiri. Sampo yake isikaushwe kwenye oveni ya moto mkali kwasababu zebaki inapaa, hakikisheni mnawaambia mapema. Mlioko bonde la Zigi msiiache hii, milima ya Amani ilishawahi kuvamiwa na wachimba dhahabu, na wachimbaji wadogo wengi hutumia zebaki kunasia dhahabu, na maji ya huko ndo yanashuka mpaka bwawa la Mabayani, na zebaki ikikaa kwenye tope lisilo na hewa bakteria wanaigeuza kuwa aina inayopanda kwa samaki mpaka kwa mlaji, ndo iliyowaumiza watu wa Minamata kule Japani.

Metali kwenye tope ikizidi wanashauri kupima na minofu ya samaki, sisi tunapeleka kambale awamu ijayo. Bei ya samaki ni tofauti na ya tope, piga simu uulize kwanza.