Seti ya kuangushia yai: sanduku zima, yai uji

Nauza mayai hapa Wete mwaka wa tisa huu, kwa hiyo habari ya mayai kuvunjika usinihadithie. Trei moja mayai 30; gari ikiingia shimo ukasikia "kach", ujue faida ya siku imekwenda. Ndiyo maana mtoto wa kaka yangu, yuko Kidato cha Pili, alipopewa kazi ya fizikia alikuja moja kwa moja kwangu. "Shangazi, natakiwa nitengeneze kitu cha kutia yai bichi, liangushwe kutoka ghorofani lisipasuke." Masharti mawili: chombo na yai lake visizidi gramu 300, na kila upande usizidi sentimita 20.

Mie badala ya kutumia akili yangu nikatumia simu. Kuna duka la mtandaoni linauza seti nzima ya jaribio hili, shilingi 38,000 mbali na nauli ya boti. Imefika siku ya sita. Ndani mna sanduku la plastiki ngumu, sponji mbili nyembamba, mwavuli wa nailoni na nyuzi zake, na karatasi ya maelekezo ya Kichina. Nikaliweka sanduku tupu juu ya mizani yangu ya dukani: gramu 340. Tangazo limeandika 200. Yaani yai halijaingia, mtoto ameshatolewa mashindanoni. Ningelirudisha siku ile ile, lakini hamu ilikuwa imeshatushika.

Tulipanda roshani moja ya nyumba za maendeleo. Tumepima kwa kamba, mita 7 hadi chini. Kijana akapiga hesabu: yai linafika chini kwa sekunde moja na kidogo, mwendo wa kilomita 42 kwa saa. Akaachia. Sanduku halikupata hata mkwaruzo. Kulifungua, yai uji, ute unachuruzika kwenye bawaba.

Hapo ndipo aliponisomesha. Ganda linapasuka kwa sababu yai linasimamishwa ghafla. Sponji ile inabonyea sentimita moja tu, ikishafika hapo ni kama ukuta. Ukilipa yai sentimita sita za kupunguzia mwendo, nguvu inayolipiga inabaki sehemu moja ya sita. Ugumu wa sanduku unalinda sanduku.

Mwavuli sina ubaya nao, umeshonwa vizuri. Ila mita 7 ni fupi, unapoanza kujaa upepo ardhi imeshafika. Mara moja tu ulifunguka mapema, kusi likauchukua hadi juu ya bati la jirani. Yai lilipona, lakini kulishusha ilibidi tuazime ngazi.

Basi nikarudi kwenye vitu vyetu. Nimenunua usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, wa shilingi 2,000 kwa bibi mmoja anayesokota kamba, na sufi nikaichomoa kwenye mto wangu mkongwe. Nyuzi za sufi zina uwazi ndani, ndiyo maana nyepesi vile. Mara ya kwanza niliharibu mwenyewe: nilishindilia usumba kama najaza godoro, ukawa mgumu, yai likapasuka. Mara ya pili tukauchambua kwa vidole mpaka ukawa kama nywele zisizochanwa, unene wa vidole vinne kila upande. Yai katikati ya sufi, sufi katikati ya usumba, vyote ndani ya kipakacha cha kuti nilichokisuka kilegevu kwa makusudi. Jumla gramu 190.

Jambo moja tulibishana. Mie kwenye trei naweka ncha nyembamba chini, maisha yangu yote, na nilitaka hivyo hivyo. Kijana akanionesha kwenye simu kwamba watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walitoa matokeo mwaka 2025: yai likianguka kwa ubavu hupasuka kwa nadra kuliko likianguka wima, kwa sababu ubavu unabonyea kidogo kabla ya kuvunjika. Tukalilaza. Limeanguka mara tatu. Mbili za mwanzo zima kabisa. Ya tatu likatoka na ufa kama unywele, ute haukutoka.

Nyota mbili kati ya tano, na zote mbili za mwavuli. Mwenye mnara auchukue. Mwenye mtoto wa skuli aende akatafute usumba, na asishindilie. Lile sanduku nimelifanya la chenji dukani.

Muuzaji nimempelekea picha ya uji wa yai na picha ya mizani, nikadai pesa yangu. Kanijibu usiku: "Mbona sanduku lenyewe zima, dada?"