Vikundi vitatu vya wanaouguza wazee Dar, hiki cha Temeke ndo nimebaki nacho

Mama ana miaka 78, ana ugonjwa wa kusahau, daktari aliuita dimensia, huu mwaka wa tatu. Mi ndo naishi nae, ndugu wengine wanatuma hela na pole. Mwaka jana nlifika mahali najifungia chooni nalia, mwanaume mzima, jirani akaniambia mbona kuna vikundi vya watu wanaouguza wazee, nenda. Nimepita vitatu mpaka kutulia kwahiyo naandika hapa mwingine asizunguke kama mimi.

Cha kwanza ni cha WhatsApp tu. Watu kibao, asubuhi picha za maua na "Mungu akutangulie", mchana mtu anauza unga wa mlonge unaotibu kila kitu. Siku nimeandika kwamba mama kanizaba kofi akidhani mi mwizi, nikajibiwa kwa maombi na namba ya mganga. Nikaleft usiku uleule.

Cha pili kinafanyika ndani ya hospitali moja. Wataalam wapo, projekta ipo, ila ni darasa yaani, ukinyoosha mkono unaambiwa maswali mwishoni na huo mwisho haufiki. Halafu wazee mnakaa nao humohumo. Sasa ntaanzaje kusema mi mtoto wa kiume ndo namwogesha mama, na yeye kakaa pembeni yangu kajitanda kanga zake nzuri? Mama kasahau mengi ila aibu hajaisahau.

Hiki cha Temeke tunakutana Jumamosi, kila baada ya wiki mbili. Wazee wanabaki barazani na vijana wawili wa kujitolea, wanacheza bao, wanaimba, chai na maandazi (mama anajua tumeenda harusini, kila tukirudi ananiuliza bibi harusi alikua mtoto wa nani), sisi tunaingia ndani tunafunga mlango. Hapo ndo nlipoweza kuongea. Kina mama wakanielekeza bila kunicheka, mfunike kanga, osha kipande kipande, sabuni ashike mwenyewe anapoweza. Tangu siku hiyo kuoga sio vita tena.

Anaongoza nesi mstaafu aliyemuuguza mumewe mpaka mwisho. Yeye ndo kanifundisha kuacha kubishana. Jioni ikiingia mama anataka kurudi kwao Kilosa, zamani nlikua namwambia mama hapa ndo kwako, basi hapo kunawaka moto. Siku hizi namjibu sawa, tunywe chai kwanza gari bado halijaja, chai ikiisha na safari kashaisahau. Na kuna hili la mwezi wa sita, mama alibadilika ghafla ndani ya siku mbili, anaona watu ukutani, halali, nikajua ndo ugonjwa umepanda. Nesi akasema mzee akichanganyikiwa ghafla hivyo usikimbilie kusema ni dimensia, mpeleke akapimwe, na mkojo wapime. Kweli ilikua yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa dozi na kuhimizwa maji, ndani ya wiki hivi akarudi alivyokua. Shangazi alikua kashaanza kutaja majina ya waliomroga.

Sasa mabaya yao. Wanasema saa tatu, tunaanza saa nne kasoro. Mchango buku mbili kila kikao, hauna risiti, mi sijali ila wapo wanaonung'unika. Wanaume tuko wawili tu, siku ya kwanza niliulizwa mkeo yuko wapi, kana kwamba nimekuja kuchukua fomu kwa niaba yake. Choo kina ngazi tatu na hakuna pa kushika, kuna mzee wa kiharusi inabidi abebwe, na hii habari ya fundi anakuja tumeisikia tangu mwaka jana.

Nyota nne kwa wenye mzee anayeweza kupanda bajaji. Kama wako ni wa kitandani sitakudanganya, nyota mbili, maana hawaji nyumbani, nimewauliza mara mbili. Kuna mama mmoja anakujaga peke yake, babu anamwacha na mtoto wa darasa la sita, anakaa karibu na mlango simu mkononi, na ikilia tu hata kama yuko katikati ya kuongea anatoka mbio.