Hoteli ya vibanda Osaka, usafi juu ila usingizi wa shida

Nimelala hoteli ya vibanda hapa Osaka, Japani, zile kila mtu analala kwenye kijichumba kama sanduku, kibanda chenyewe kama mita 2 kwa 1 hivi, mashuka safi, bafu la maji moto ndo usiseme, wanastahili sifa. Hoteli za hivi zilianzia mji huu huu 1979. Sasa kilichoniumiza jamani ni wale wababa wa ofisini, mtu amekosa treni ya mwisho anaingia na suti yake hoi, alfajiri alamu zinalia anarudi kazini, nchi tajiri hivi! Sheria ya 2018 imeweka kikomo cha ovataimu masaa 45 kwa mwezi lakini kazi zikibana bado inaruhusu karibu 100, hapana aisee. Nyota 4, mlango ni pazia tu so beba vizibo vya masikio.