Kompyuta inayojifunga yenyewe usiku: uzoefu wangu na Microsoft Family Safety

Nianze na jibu kwa wenye haraka: programu hii ya Microsoft ya kuwapangia watoto saa za kutumia kompyuta inafanya kazi, ni ya bure, na kama wanao wanatumia kompyuta ya Windows huna haja ya kununua kitu kingine. Ila kuna masharti mawili, na yote yako mikononi mwa mzazi. Mtoto asiwe na akaunti ya msimamizi, yaani ile yenye mamlaka ya kubadilisha kila kitu kwenye kompyuta, na simu za wakubwa zisiachwe wazi mezani. Ukishindwa hayo, usiilaumu programu.

Mimi ni muuguzi. Wiki nikiwa zamu ya usiku, natoka nyumbani Tabata, Dar es Salaam, saa kumi na mbili jioni na kurudi kesho yake jua limeshapanda. Baba yao yuko mkoani kikazi. Nyumbani anabaki dada wa kazi, kijana wangu wa kidato cha pili na mdogo wake wa darasa la sita. Nilikuwa natafuta kitu cha kunishikia zamu nyumbani wakati mimi nimeshika ya watu wengine.

Kilichonisukuma ni hesabu ya usingizi. Basi la shule linapita kwetu saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa hiyo watoto lazima waamke saa kumi na moja kamili. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani, American Academy of Sleep Medicine, mwaka 2016 kilipendekeza mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Sasa hesabu kurudi nyuma: wa kidato cha pili anatakiwa awe ameshalala saa tatu usiku, na mdogo wake saa mbili. Saa mbili! Hapo taarifa ya habari ndiyo kwanza inaanza na wali bado uko jikoni. Huko sijafika. Kompyuta inafungwa saa tatu kwa wote wawili, mengine namwachia Mungu.

Kompyuta yetu ni ya mezani, iliyotumika, kama zinazojaa madukani Kariakoo. Nyingi huja na akaunti moja tu, haina nenosiri, na ndiyo yenye mamlaka yote. Ukiiacha hivyo, chochote utakachoweka mtoto atakiondoa kabla chai haijapoa. Kwa hiyo kwanza nilifungua akaunti yangu ya msimamizi yenye nenosiri ambalo hata dada halijui, kisha kila mtoto nikamfungulia akaunti yake ya kawaida, iliyounganishwa na akaunti ya Microsoft yenye barua pepe yake. Hizo ndizo unazoziingiza kwenye kundi la familia. Baada ya hapo kila kitu unakifanyia kwenye simu: unachagua siku, unapanga kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na jumla ya muda kwa siku. Zingatia tu kwamba yenyewe inasoma saa za kizungu. Saa tatu yetu ya usiku ni 9 PM. Ijumaa na Jumamosi nimewasogezea hadi saa tano.

Muda ukikaribia kuisha, ujumbe unatokea kwenye skrini kumwambia mtoto dakika zimebaki chache. Nimewazoesha kwamba wakiuona tu, wanahifadhi kazi. Muda ukifika, skrini inajifunga. Hakuna aliyepiga kelele wala aliyechomoa waya.

Na hapa ndipo faida yake kubwa ilipo, faida ambayo sikuisoma kwenye tangazo lolote. Zamani mwenye kazi ya kusema "zima" alikuwa dada. Ni binti mdogo, mgeni mjini, na kijana wangu anamzidi urefu. "Dada, dakika tano tu." Zikiisha, nyingine tano. Akisisitiza anaambiwa yeye si mama. Akinyamaza, asubuhi mimi ndiye ninayemuuliza kwa nini watoto wamelala saa saba. Yaani ugomvi wote wa nyumba ulikuwa umebebeshwa mtu mwenye sauti ndogo kuliko wote. Siku hizi akiulizwa anajibu, "Mwombe mama yako kwenye simu," anaendelea kukunja nguo.

Kweli wanaomba. Mtoto akitaka nyongeza anabonyeza ombi, linaingia kwenye simu yangu, nakubali au nakataa. Usiku mmoja niko wodini nabadilisha dripu, simu ikatetemeka mfukoni: kijana anaomba muda. Sijaijibu, WhatsApp nayo ikaingia: "Shikamoo mama. Pole na kazi. Naomba muda kidogo, notsi za Baiolojia sijamaliza." Huyu ni mtoto ambaye asubuhi shikamoo yake hutoka kwa kukumbushwa. Nikampa dakika kumi na tano, maana Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili hufanyika mwishoni mwa mwaka na sitaki kuwa mama aliyezuia notsi. Kesho yake nikafungua ripoti ya shughuli, ambayo inaonyesha mtoto alitumia programu zipi na kwa muda gani. Baiolojia hiyo ilikuwa na kipenga cha mwisho na magoli. Hatukugombana. Nilimwonyesha ripoti tu, na maombi ya notsi yakapungua sana.

Mipaka yake ijue mapema. Kichujio cha tovuti kinafanya kazi ndani ya kivinjari cha Edge. Vivinjari vingine kinavizuia tu visitumike, kwa hiyo aliyezoea Chrome atalalamika. Mabadiliko unayofanya kwenye simu yanahitaji intaneti ili yafike kwenye kompyuta, na maombi ya mtoto vilevile. Bando la nyumbani likikata, mnabaki na ratiba ya mwisho. Vifaa vya Apple vina utaratibu wao wenyewe, Screen Time, na simu za Android zina Family Link ya Google.

Dada yangu wa Morogoro hana intaneti ya kudumu nyumbani kwake, kwa hiyo yeye nilimwekea njia ya zamani iliyomo ndani ya Windows tangu enzi. Unafungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi, unaandika net user mtoto /times:M-F,16:00-21:00;Sa-Su,09:00-22:00, ukiweka jina la akaunti ya mwanao mahali pa "mtoto". Basi. M-F ni Jumatatu hadi Ijumaa, Sa-Su ni Jumamosi na Jumapili. Nje ya saa hizo hawezi kuingia, intaneti iwepo isiwepo. Inakubali saa kamili tu, saa tatu na nusu haiielewi. Na inazuia kuingia, haimtoi aliyekwisha kuingia. Aliyeketi saa mbili na dakika hamsini atakesha kama hakuna mtu wa kumwambia azime. Kwa dada yangu hilo si tatizo, kwa sababu yeye analala nyumbani na sauti anayo. Ukitaka kuondoa mpaka, unaandika amri ileile ukiimalizia na /times:all.

Rauta, kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, nayo ina sehemu ya kuwafungia watoto intaneti kwa saa, na niliitumia kwa muda. Inasaidia kwa YouTube, haisaidii kwa gemu la mpira lililopakuliwa tayari, maana hilo halihitaji intaneti. Yetu kila umeme ukikatika saa yake inapotea kwanza, na ratiba inapotea nayo. Ukiitumia, badilisha nenosiri la kuingilia, kwa sababu la kiwandani mara nyingi limebandikwa chini ya kifaa chenyewe na watoto wanajua kusoma.

Kabla ya yote hayo nilijaribu programu moja ya kulipia kwa dola, sitaitaja. Ilikuwa inanitumia picha za skrini ya mtoto na meseji anazoandikiana na wenzake. Nilisoma chache nikaona aibu, mimi si polisi wa mwanangu. Tena iliifanya kompyuta iwe nzito, na kuisitisha ili wasiendelee kukata pesa kulinichukua barua pepe nyingi. Nilichokuwa nahitaji ni saa ya kufunga tu. Jicho la kuchungulia sikuliomba.

Tatizo ambalo hakuna programu ya kompyuta italimaliza ni bando la usiku. Makampuni ya simu huuza intaneti ya usiku wa manane kwa bei ya kutupwa, na vijana wanazijua bei hizo kuliko jedwali la kuzidisha. Kijana wangu akawa ananunua kwa laini ya dada, anawasha hotspoti, anatazama kwenye simu chini ya shuka. Suluhisho halikuwa la kiteknolojia: simu zote, ya dada ikiwemo, zinachajiwa chumbani kwa dada, mlango unafungwa. Dada alikubali haraka, kwa sababu vocha iliyokuwa inaliwa ilikuwa yake.

Nikiulizwa nyota, natoa nne kwa tano. Kwa mzazi anayelala nyumbani kila siku na kompyuta iko sebuleni, pengine ile amri ya net user inatosha. Kwa sisi wa zamu, wa mikoani na wa safari, uwezo wa kusema ndiyo au hapana ukiwa kilomita kadhaa mbali una thamani yake. Nyota ya tano nimeibakiza kwa sababu ya televisheni: kompyuta ikijifunga wanahamia kwenye kochi, na rimoti bado haijapata msimamizi.