Miezi miwili na maji ya moto ya Reykjavík

Natokea Mbagala, ambako Januari saa nane mchana maji ya simtanki yanatoka bombani yakiwa ya moto na hakuna anayeyataka. Kwa hiyo dada yangu anayeishi Reykjavík, mji mkuu wa Iceland, aliponisifia maji yao ya moto, nilimuuliza swali moja tu: na LUKU je?

Nilipoenda kukaa kwake nikapata jibu: hakuna LUKU ya maji. Mita inahesabu maji yenyewe, siyo umeme wa kuyachemsha, kwani joto ni la ardhini. Mengine yanatoka visimani yameshaiva. Mengine yanapashwa kule Nesjavellir, kwenye mtambo wa joto la ardhini, yanasafiri kwenye bomba kilomita 27 na kupoteza kama nyuzi mbili tu. Supu ninayobeba kutoka Rangi Tatu hadi nyumbani inapoa kuliko hivyo.

Kila chumba kina rejeta chini ya dirisha, kama ya gari ila bapa, maji ya moto yanapita ndani yake mchana na usiku. Nje theluji, mimi ndani na msuli na singlendi, taulo na soksi zinakauka juu yake. Joto likizidi dada anafungua dirisha! Mimi ambaye huzima hita ya ndoo kabla maji hayajachemka, ili uniti zisikimbie, ilinichukua wiki kuzoea.

Kasoro zipo. Maji ya moto yananuka yai bovu, ni ile salfa. Siku ya pili nilijaza birika kutoka bomba la moto ili chai iwahi. Dada akaimwaga: "Mdogo wangu, chai huku inapikwa kwa maji ya baridi." Ya baridi kweli ni matamu, hayana harufu. Halafu ya moto yanafika nyumbani na nyuzi 75 na kuendelea. Bomba la bafuni kwake ni la zamani, halichanganyi, likaniunguza vidole.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba yakishapasha nyumba bado yana nyuzi thelathini na kitu, basi yanapitishwa chini ya njia za miguu kuyeyusha barafu. Mtaa wa Laugavegur unatembea bila kuteleza. Jina lenyewe linatokana na kufua: zamani wanawake walipita hapo na mafurushi ya nguo wakielekea chemchemi za moto za Laugardalur.

Bwawa la kuogelea sasa. Kabla ya kuingia unaoga kwa sabuni, uchi, mbele za watu, na msimamizi anaangalia. Nilitaka kurudi nyumbani. Ila ukishavuka hapo, kuna vidimbwi vya nyuzi 38 hadi 42, wazee wamekaa wanabishana siasa huku theluji inawaangukia kichwani. Kijiwe cha kahawa kabisa, kahawa tu ndiyo hakuna.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano naikata kwa ajili ya pete yangu ya fedha: ilirudi Dar nyeusi kama mkaa, na sonara wa Kariakoo haamini kwamba ni maji.